Kutoka Piko Hadi Gundi ya Kope

Shangazi yangu alikuwa fundi wa hina, Ng'ambo, Unguja. Harusi ikikaribia, biharusi aliletwa nyumbani kwetu, akakalishwa uani juu ya mkeka, mikono imelazwa kwenye mto, na shangazi akaanza kazi baada ya sala ya alasiri. Mbele yake palikuwa na mabakuli mawili. Kubwa lilikuwa la hina, iliyokandwa kwa ndimu na kulazwa usiku kucha. Dogo, la kauri, lilikuwa la piko: unga mweusi wa dukani uliokorogwa kwa maji mpaka ukawa kama uji mzito. Watoto tuliruhusiwa kuchovya vidole kwenye hina. Bakuli la piko tulikatazwa hata kuliinamia.

Mwaka 1994, nikiwa na miaka 10, biharusi mmoja alirudishwa kwetu siku ya nne baada ya harusi, amejifunika buibui, mikono ameificha ndani. Alipoitoa niliona kitu ambacho hakijanitoka kichwani mpaka leo. Maua ya piko yalikuwa yameinuka. Kila jani na kila kikonyo alichokichora shangazi kilikuwa kimegeuka lengelenge, kwa umbo lile lile, kama vile mtu amepita juu ya mchoro na sindano ya moto. Hina iliyokuwa pembeni yake ilikuwa imetulia, nyekundu, haina hata kipele. Wazee waliokuwapo walisema ni jicho la hasidi. Shangazi hakusema kitu. Alilichukua bakuli la kauri, akaliosha, akaliweka juu ya kabati, na mpaka anafariki sikumwona akilishusha.

Jina la kilichokuwa ndani ya bakuli lile nimelijua nikiwa mtu mzima, tena nililikuta mahali ambapo sikulitarajia: katika historia ya kope za wanawake wa Marekani.

Nilikuwa naitafuta historia hiyo kwa sababu ya kazi yangu. Mimi hubandika kope. Nina kichumba Kinondoni, Dar es Salaam, chenye kitanda kimoja, taa ya duara, kiyoyozi na kipimo cha unyevu ukutani. Nilijifunza mwaka 2013 kwa dada mmoja aliyekuwa akienda Guangzhou kuchukua mizigo. Alirudi na kope za moja moja, vibano viwili na chupa tatu za gundi ambazo maelezo yake yote yalikuwa kwa Kichina. Kabla ya hapo nilizozijua mimi ni kope za mstari zinazouzwa kwenye kiboksi, na zile za vishada ambazo niliona saluni za mtaani wakizibandika kwa gundi nyeusi ya wivingi. Gundi ile ya wivingi ni ya mpira, na wapo watu ambao miili yao haipatani na mpira. Hata hilo nimelijua baadaye.

Mteja wangu wa kwanza kudhurika hakuwa mgeni. Alikuwa amekuja kwangu kwa miaka mitatu, kila baada ya wiki tatu, bila hata macho kuwasha. Ilikuwa masika ya 2017. Alhamisi jioni alitoka kazini akapitia kwangu, nikamjazia zilizokuwa zimepukutika, akaondoka anacheka. Ijumaa kimya. Jumamosi alfajiri simu ikaita. "Dada, macho hayafunguki." Akanitumia picha: kope zimevimba kama maandazi, ngozi inang'aa kwa kuvutika, na macho yamebaki mistari miwili. Nilimjibu abadilishe foronya, labda ni vumbi. Niliandika hivyo kwa mkono wangu, na ujumbe ule ninao bado kwenye simu ya zamani.

Daktari wa macho aliyemwona alimwambia asibandike tena maisha yake yote. Nilikwenda naye kwenye miadi ya pili, nikauliza imekuwaje mtu aliyezoea miaka mitatu adhurike leo. Daktari akanifafanulia mambo mawili ambayo aliyenifundisha hakuyajua. Lipo la kuwashwa tu, ambalo huja pale pale kitandani: mvuke wa gundi umeingia jichoni, au mteja amefungua macho mapema, basi jicho linakuwa jekundu na kuchoma, kisha linatulia. Na upo mzio wenyewe. Huo mwili hujifunza polepole. Unakutana na gundi mara ya kwanza, ya tano, ya thelathini, na siku moja unaamua kwamba huyu ni adui. Tangu siku hiyo uvimbe na mwasho huja baada ya saa kadhaa au siku moja mbili, macho yote mawili, na kila ukirudia huja mapema zaidi na kwa ukali zaidi. Aliyeniuzia gundi alikuwa ameniambia haimdhuru mtu yeyote. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Ndipo nikaanza kuuliza kitu hiki kimetoka wapi.

Chupa yangu ni ya mililita 5, fupi kuliko kidole gumba. Ndani yake mna masizi laini ya kutia weusi, na kilichobaki karibu chote ni sayanoakrileti, jamii ile ile ya supagluu ambayo fundi viatu anaitumia pale kona. Mkemia wa Kimarekani Harry Coover, aliyekuwa akifanyia kazi kampuni ya Eastman Kodak, alikutana nayo mwaka 1942 katikati ya Vita Kuu ya Pili, alipokuwa akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Ilinata kwenye kila ilichogusa, ikamkwaza, akaiacha. Mwaka 1951, huko Tennessee, yeye na wenzake walikuwa wakitafuta kitu cha kuhimili joto kwa ajili ya madirisha ya ndege za kivita. Mwenzake Fred Joyner akatia tone kati ya vioo viwili vya chombo cha kupimia mwanga, na vioo visiachane tena. Chombo cha gharama kiliharibika, na Coover akaelewa alichokuwa amekitupa miaka tisa nyuma. Mwaka 1958 ikaanza kuuzwa kwa jina la Eastman 910. Katika vita vya Vietnam matabibu wa Marekani waliipulizia kwenye majeraha kuzuia damu mpaka majeruhi afikishwe hospitali. Coover alipewa nishani na Rais Obama mwaka 2010, akafariki mwaka uliofuata.

Bunduki, ndege, majeraha. Nimeipitia habari hiyo yote na hakuna mahali ambapo mtu alikaa akasema: tutengeneze kitu cha kuweka karibu na jicho.

Tena tabia yake ndiyo inayoifanya iwe ngumu kwa jicho. Gundi hii haikauki kwa kupoteza maji kama uji wa ngano tuliobandikia karatasi shuleni. Inagandishwa na unyevu. Unyevu wa hewani, wa jasho, wa machozi, ndio unaoikamatisha, na wakati inakamata hutoa mvuke usioonekana. Mafundi hupenda unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 45 na 60. Dar es Salaam, ukizima kiyoyozi wakati wa masika, kipimo changu husoma 80 na zaidi. Gundi hukamata kabla sijaiweka vizuri, mvuke hutoka kwa nguvu, na fundi anayefanya haraka huigusisha kwenye ngozi. Siku aliyokuja mteja wangu umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi. Nilifungua dirisha nikaendelea.

Kiswahili kina neno kope kwa vinyweleo na kope kwa ngozi inayoviotesha, na katika mazungumzo hakuna anayehangaika kutenganisha. Kwenye kazi hii kutenganisha ni lazima. Gundi ni ya unywele. Kati ya tone na ngozi inatakiwa ibaki nafasi ya karibu milimita moja, upana wa kichwa cha pini. Nafasi hiyo haionekani kwa macho yaliyochoka saa mbili usiku.

Tamaa ya kope ndefu ni ya zamani kuliko gundi yenyewe. Karl Nessler, Mjerumani aliyejulikana zaidi kwa mashine ya kuviringisha nywele, alisajili Uingereza mwaka 1902 njia yake ya kutengeneza nyusi na kope za bandia. Mwaka 1911 mwanamke wa Kanada, Anna Taylor, akapata hataza ya kope zilizoshonwa kwenye ukanda wa kitambaa wenye umbo la mwezi mwandamo. Kisha ikaja sinema. D. W. Griffith, katika filamu yake ya Intolerance ya mwaka 1916, alitaka kope za mwigizaji Seena Owen ziwe ndefu hata ziguse mashavu. Mtengeneza mawigi alizifuma kwa nywele za binadamu kwenye kitambaa chepesi, zikabandikwa kwa utomvu wa miti ulioyeyushwa kwenye spiriti, ule ule waliotumia waigizaji kubandika ndevu. Lillian Gish, aliyekuwamo kwenye filamu hiyo, alisimulia baadaye kwamba asubuhi moja Owen alifika kazini macho yamevimba karibu kufungika. Sehemu muhimu zilikuwa zimekwisha kupigwa, kwa hiyo filamu haikuharibika.

Habari hii husimuliwa kama kisa cha kuchekesha cha Hollywood. Mimi kila nikiisoma namfikiria Owen mwenyewe, amekaa kwenye kiti asubuhi ile, haoni vizuri, anasikia watu wakijadili kama picha zimetosha. Ni picha ile ile niliyotumiwa kwenye simu alfajiri ya Jumamosi, miaka 100 na moja baadaye.

Lakini kilichonikalisha kitako ni kilichofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 saluni za Marekani zilianza kutia kope na nyusi rangi iitwayo Lash Lure. Mteja alipakwa mara moja, akaambiwa hatahangaika na wanja kwa wiki kadhaa. Mwaka 1933 mwanamke mmoja wa mji wa Dayton, Ohio, alipakwa rangi hiyo ili apendeze kwenye shughuli. Macho yake yakaoza, akawa kipofu. Wengine nao walidhurika, na mmoja alifariki kwa maambukizi yaliyoanzia kwenye vidonda vya macho. Kilichotia weusi kwenye Lash Lure kilikuwa parafenilenidiamini, kemikali ya asili ya lami ya makaa ya mawe iliyokuwa ikitumika kutia rangi ngozi za manyoya na nywele za watu.

Hiyo ndiyo iliyomo kwenye unga mweusi unaouzwa kwetu kwa jina la piko, na kwenye ile "hina nyeusi" wanayochorwa watalii ufukweni. Hina ya majani haiwezi kuwa nyeusi tititi ndani ya saa moja. Ikiwa nyeusi hivyo, kuna kitu kimeongezwa. Nililisoma jina hilo refu usiku, nikainuka nikatembea chumbani. Bakuli la kauri lililo juu ya kabati la shangazi na macho ya mwanamke wa Ohio vilikuwa habari moja. Hapakuwa na hasidi yeyote Ng'ambo. Mikono ya biharusi yule ilikuwa imechukia kemikali.

Ninayotaka mafundi wenzangu waijue zaidi ni namna Wamarekani walivyohangaika kuiondoa Lash Lure. Mamlaka yao ya chakula na dawa ilijua. Ilikuwa na picha za wanawake kabla na baada. Lakini sheria waliyokuwa nayo, ya mwaka 1906, haikutaja vipodozi hata kwa neno moja, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kuikamata bidhaa iliyopofusha watu. Maofisa wakakusanya bidhaa mbaya za aina hiyo, Lash Lure ikiwamo, wakazitengenezea maonyesho yaliyopelekwa hata kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1933. Waandishi wa habari wakayaita Chumba cha Vitisho. Ofisa mmoja wa mamlaka hiyo, Ruth deForest Lamb, aliandika kitabu kizima juu yake, kikatoka mwaka 1936. Bado Lash Lure iliendelea kuuzwa. Mwaka 1937 dawa ya maji iitwayo Elixir Sulfanilamide iliua watu zaidi ya 100, wakiwamo watoto, na ndipo Baraza la Congress likasukumika. Rais Roosevelt alitia saini sheria mpya tarehe 25 Juni 1938. Bidhaa ya kwanza kukamatwa kwa sheria hiyo ilikuwa Lash Lure. Ilikuwa imepita miaka mitano tangu mwanamke wa Dayton apoteze macho.

Chukua boksi la rangi ya nywele kutoka duka lolote la vipodozi, lisome ubavuni au kwenye karatasi ya ndani. Mengi yameandikwa kwamba upime kwanza kwenye ngozi, na kwamba usipake kwenye kope wala nyusi maana inaweza kupofusha. Maneno hayo yalitoka kwenye sheria ya 1938: waliruhusu rangi za nywele zenye kemikali hiyo kwa sharti la onyo, na kope na nyusi wakazitoa kabisa kwenye ruhusa. Nilikuwa nimeyaona maandishi hayo miaka yote nikidhani ni watengenezaji wanajikinga. Umoja wa Ulaya nao hauruhusu kemikali hii kuzidi asilimia 2 kwenye rangi ya nywele inapopakwa kichwani, na kuipaka kwenye ngozi ni marufuku. Paketi ya piko aliyokuwa akinunua shangazi haikuwa na onyo la aina yoyote. Ilikuwa na picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu.

Kope za moja moja tunazobandika sisi zilishika kasi Korea na Japani kuanzia miaka ya 2000, na matatizo yakaja nazo. Mwaka 2008 Wizara ya Afya ya Japani ilitamka kwamba kubandika kope ni kazi inayohitaji leseni ya urembo, kwa sababu macho ya watu yalikuwa yanaumia mikononi mwa wasiosomea. Kwetu, kauli kubwa ilitoka Dodoma. Septemba 2018 aliyekuwa Spika, Job Ndugai, alipiga marufuku wabunge wanawake kuingia ukumbini wakiwa na kope na kucha za kubandika, baada ya Dk. Faustine Ndugulile, aliyekuwa Naibu Waziri wa Afya, kueleza bungeni madhara yake. Nilisikiliza redioni huku nina mteja kitandani. Kwa mwezi mmoja wateja walipungua, kisha wakarudi.

Dk. Ndugulile alikuwa daktari na alisema kweli. Ila naona marufuku ile ilimgusa aliyevaa, ikaiacha chupa. Haikumwuliza mtu gundi imeingia nchini kwa njia gani, imekaa juani siku ngapi, wala nani amefundishwa kuitumia. Mwaka uliofuata usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na natamani siku moja waje vichumbani kwetu na orodha mkononi. Mimi nitawafungulia mlango.

Kwangu nilibadilisha mambo baada ya 2017. Mteja mpya sikubali kumbandika siku hiyo hiyo. Namwekea kope tatu au nne kwenye kona ya nje ya kila jicho, anakwenda nyumbani, tunaonana baada ya saa 48. Wapo wanaonikasirikia na kwenda kwingine. Kipimo hiki hakiwezi kuniahidi lolote kuhusu mwaka kesho, na namwambia hivyo, kwa kuwa mzio unaweza kuanza kwenye mara ya arobaini. Chupa naiandika tarehe niliyoifungua, na ikifika mwezi naitupa hata kama imejaa nusu. Umeme ukikatika, kazi imesimama. Nina daftari: jina la mteja, tarehe, namba ya chupa, alichosikia. Na nikisikia mtu anasema amebadilisha gundi ya kawaida kwa gundi ya "macho laini" ili mwenye mzio aendelee kubandika, namwambia asome kilichoandikwa nyuma. Zile nyingi ni sayanoakrileti pia, ila inakamata taratibu na mvuke wake ni mchache. Zinamfaa anayewashwa na mvuke. Mwenye mzio hazimsaidii.

Mwili wangu mwenyewe umeanza. Tangu mwaka juzi nikifanya kazi zaidi ya wateja watatu pua zinachuruzika na kifua kinabana usiku. Sasa navaa barakoa yenye mkaa na nimeweka feni ya kuvuta mvuke karibu na mto. Wenzangu wawili niliojifunza nao wameshaacha kwa sababu hiyo hiyo.

Biharusi wa 1994 nilikutana naye Darajani miaka minne iliyopita, ana wajukuu. Mikono yake ina maua meupe, hafifu, mtu asiyejua atadhani ni kovu la kuungua na mafuta. Nilimweleza ilikuwa nini. Akaniambia aliwahi kupaka rangi ya nywele ya dukani mara moja, kichwa kikamvimba mpaka masikioni, na hakuna aliyemwambia kwamba ni kitu kile kile. Mwili wake ulikuwa umekikumbuka.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama ulishawahi kutoka malengelenge kwa piko, usipake rangi nyeusi ya nywele kabla hujamwona daktari wa ngozi. Na kama wiki hii unakwenda kubandika kope, mwulize fundi chupa ilifunguliwa lini na kama atakupima kwanza. Akishindwa kujibu, inuka uondoke. Macho yakivimba, usinunue matone ya macho kwa kukisia kwenye duka la dawa, maana yapo yanayopandisha presha ya jicho bila wewe kujua. Nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, na uende na jina la gundi.